Meza za nje zisivunjwe kila Novemba
Nimesoma habari ya jiji la New York kurudi kwenye mjadala wa kama migahawa iachiwe meza zake za barabarani mwaka mzima. Wakati wa korona, 2020, mwenye mgahawa alijaza fomu mtandaoni bila ada, akatoa viti nje. Sheria ya 2023 iligeuza mambo: meza za njia ya waenda kwa miguu ruksa mwaka mzima, ila za barabarani mwisho Novemba 29 mpaka Aprili 1. Yaani kila mwaka alipwe fundi wa kubomoa mabanda ya hizo meza, mbao zitafutiwe ghala, kisha zijengwe upya! Mgahawa mkubwa unamudu. Mama mwenye meza nne hizo pesa atazitoa wapi? Panya na mabanda yaliyotelekezwa yalikuwa kero kweli, sikatai. Basi mchafu apigwe faini, anayefagia aachiwe kibali chake mwaka mzima.