Floraidi ya Meru: kichujio kipya, au kutunza kilichopo?

Barabara ya Arusha kwenda Moshi inapita Tengeru, Usa River, halafu Maji ya Chai. Katika kipande hicho kifupi tatizo la floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji ya kunywa, na watafiti wake wanaishi jirani. Tengeru ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Ngurdoto kipo kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Na kuuzunguka mlima Meru wapo watu wazima na watoto wenye meno ya kahawia, wengine wenye miguu iliyopinda, kwa sababu ya maji waliyokunywa tangu utotoni.

Floraidi hiyo inatoka kwenye miamba ya volkano. Maji ya ardhini huku yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo ingeishika floraidi ikatulia chini. Ikikosekana, floraidi inabaki imeyeyuka hadi kwenye ndoo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4 kabla ya kushuka kwenye 1.5. Kuchemsha hakusaidii, maana maji yanaondoka na mvuke na floraidi inabaki sufuriani. Hata magadi yanayotiwa kwenye makande ili yaive upesi mara nyingi yana floraidi, kwa hiyo chakula nacho kinaongeza mzigo.

Dawa iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi Ngurdoto ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, kwenye nyuzi joto 400 hadi 600 hivi. Ikiungua kupita kiasi, uwezo wake wa kuchuja unashuka. Isipoiva vizuri, maji yananuka. Kinachobaki ni hidroksiapataiti, madini yale yale yaliyojenga mifupa na meno yetu. Floraidi inaingia humo, inaiondoa sehemu ya madini hayo iitwayo hidroksili na kukaa mahali pake. Ndivyo inavyonaswa kwenye mifupa na meno ya mtu, na ndiyo maana mkaa huo unaikamata. Ni kemia ile ile, ila safari hii inafanyika nje ya mwili.

Hapa ndipo ubishi unapoanza. Wapo wanaosema vyuo vimekaa na floraidi muda mrefu mno. Kila mara inatoka nyenzo mpya, makala mpya, shahada mpya, na mwanakijiji bado anachota maji yale yale. Hoja yao ina uzito, na uzito wenyewe uko kwenye umri wa mtoto. Meno ya kudumu yanajengeka ndani ya taya katika miaka minane hivi ya mwanzo, na jino lililoharibika wakati huo halirudi lilivyokuwa. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mhadhiri wa taasisi hiyo ya Tengeru, alishinda tuzo ya kwanza ya uvumbuzi wa uhandisi barani Afrika inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, kwa kichujio chake cha mchanga na nanoteknolojia, yaani matumizi ya chembe ndogo mno. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo, meno yake ya mbele ya kudumu yameshaota. Kwake yeye utafiti utakaokamilika kesho umeshachelewa.

Lakini upande wa pili hauwezi kupuuzwa, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini. Tuchukulie familia ina kilo 10 za mkaa wa mifupa, kila gramu inabeba miligramu 3 za floraidi, na nyumba inatumia lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia. Kisima kikiwa na miligramu 8 kwa lita, mkaa huo utadumu miezi sita na kidogo. Kikiwa na 20, hata miezi mitatu haifiki. Hapo lazima mtu atafute mkaa mpya au auoshe ule wa zamani kwa magadi makali ya kiwandani (kostiki soda), na maji ya kuoshea yenye floraidi tele amwage mahali fulani. Wapo pia wasiokubali maji yaliyopita kwenye mifupa kwa sababu za imani, na hilo ni la kuheshimiwa. Kwa hiyo wanakemia wanaotafuta nyenzo yenye uwezo mkubwa zaidi hawajifurahishi tu. Chuo Kikuu cha Cagliari cha Italia, kwa mfano, kiliongoza mradi wa Umoja wa Ulaya kuhusu floraidi ya Bonde la Ufa, na nyenzo waliyoifanyia kazi ni oktakalsiamu fosfeti, ambayo inajibadilisha kuwa apataiti, madini ya jamii ile ya mifupa, huku ikiifungia floraidi ndani.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinalipita jambo kubwa. Floraidi kwa viwango hivi haina rangi, harufu wala ladha. Kichujio kilichoisha nguvu kinatoa maji meupe na matamu kama ya siku ya kwanza, na mama anayempa mwanawe kikombe hana njia ya kujua. Kipimo cha uhakika kiko maabara. Kichujio kikiongezewa uwezo mara tatu, siku ya kuisha inasogezwa mbele, lakini ikifika hakuna wa kumwambia. Na tafiti nyingi za maabara zinapima nyenzo ikiwa mpya, kwa maji yaliyotengenezwa na kutiwa floraidi peke yake, wakati maji halisi ya Meru yamejaa bikaboneti, chumvichumvi nyingine ya asili, inayogombania nafasi zile zile.

Ndiyo maana kwangu jambo la kujifunza katika kazi ya Hilonga, zaidi ya chembe za nano, ni wazo la vituo ambako mtu mmoja anaendesha kichujio na kuuza maji safi. Kichujio kimoja cha watu wengi kinaweza kupimwa kila mwezi. Vichujio mia vya majumbani, nani atavizungukia? Gharama yake naiona: maji ya kituo yanalipiwa, na ndoo inabebwa na mwanamke au mtoto.

Suluhisho la kuleta maji kutoka kwingine ni zuri panapowezekana. Jiji la Arusha limejengewa mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 500, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kaya zilizotawanyika kwenye miteremko ya Meru hazitafikiwa na bomba la namna hiyo hivi karibuni. Nyingine zina mabati, na maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Tangi kubwa la kuyahifadhi hadi mwisho wa kiangazi ndilo linalozishinda.

Fedha za utafiti zingekuwa mikononi mwangu, nisingefunga maabara ya nyenzo. Ningetaka kila andiko la kichujio kipya lije na matokeo ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili, kwa maji ya kisima halisi ambacho kijiji chake kimetajwa, na ningewalipa wanafizikia na wahandisi watengeneze kipimo cha bei ya chini ambacho muuza maji wa Ngarenanyuki, huku huku Meru, anaweza kukitumia mwenyewe, mbele ya wateja wake.