Baraza la Kata lilihitaji mshauri wa sheria, halikuhitaji kung'olewa meno

Huku England na Wales, mtu akishtakiwa kwa wizi wa dukani au kuendesha gari akiwa amelewa, mara nyingi wanaoamua si wanasheria. Ni raia wa kawaida, kwa kawaida watatu, waliopitishwa kuwa mahakimu wa kujitolea. Hawana mshahara, hurudishiwa nauli na gharama ndogondogo. Hata hivyo zaidi ya asilimia 90 ya kesi za jinai huanzia na kuishia katika mahakama zao, na kwa baadhi ya makosa wanaweza kumfunga mtu hadi miezi 12. (Scotland ina utaratibu wake.)

Sisi Tanzania Bara tulikuwa na chombo cha jinsi hiyo kwa migogoro ya ardhi: Baraza la Kata, lenye wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wanawake. Mawakili hawakuruhusiwa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, baraza likaondolewa uwezo wa kuhukumu, likabaki kusuluhisha tu. Wengi walishangilia. Mimi nasema tulimpa mgonjwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Tazama hukumu za kata zilikuwa zinaangukia wapi kwenye rufaa. Mara chache ilikuwa kwa sababu wajumbe hawakujua shamba ni la nani. Zilianguka kwa akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali: wajumbe watatu wa kwanza wanasikia mashahidi, siku ya hukumu wanasaini wengine. Au majina ya waliokaa hayakuandikwa, kwa hiyo hakuna anayejua kama wanawake walikuwepo. Au katibu, ambaye si mjumbe, kahesabiwa kama mjumbe. Au thamani ya eneo ilizidi kikomo cha shilingi milioni 3, na hapo hata hukumu ya haki kabisa ni batili. Wadaawa, yaani pande zinazoshtakiana, wanarudi kuanza upya baada ya miaka, huku shahidi aliyepanda mti wa mpakani ameshafariki.

Makosa hayo yote ni ya karatasi, na mtu mmoja aliyesoma sheria angeyazuia. Ndivyo wanavyofanya huku England na Wales. Kila jopo lina mshauri wa sheria chumbani. Hapigi kura. Anawaeleza sheria inasemaje, mwongozo wa adhabu unataka nini, na anahakikisha taratibu zinafuatwa. Mahakimu wenyewe hufunzwa kabla ya kukaa, hupewa mlezi mwenye uzoefu, na hutakiwa kukaa angalau siku 13 kwa mwaka ili wasisahau kazi.

Kuhamishia kesi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hakujaondoa tatizo. Mwenyekiti pale ni mwanasheria, lakini Mahakama ya Rufani imefuta hukumu za mabaraza hayo kwa sababu maoni ya wazee wa baraza, raia wanaokaa na mwenyekiti kumshauri, hayakusomwa mbele ya wadaawa. Na wilayani ni mbali: mashahidi wanahitaji nauli, na shauri likiahirishwa nauli imekwenda bure. Mshauri mmoja kwa kata kadhaa, mwenye siku yake maalumu kila kata, angegharimu kidogo kuliko kurudia kesi hizi.

Kwa mlio nje ya nchi na mna mgogoro wa ardhi nyumbani sasa: mpe ndugu hati ya uwakilishi iliyothibitishwa, inayotaja wazi kwamba anaweza kufungua na kuendesha shauri. Aanzie kata. Usuluhishi ukishindikana achukue cheti cha baraza kinachosema hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda wilayani hata bila cheti hicho. Kwenye maombi aeleze eneo kwa mipaka yake, nani yuko kaskazini, nani kusini, mashariki na magharibi, pamoja na namba ya kiwanja kama kimepimwa, kwa sababu eneo lisilotambulika haliwezi kukaziwa hukumu, yaani hukumu haiwezi kutekelezwa. Akishindwa, rufaa ya Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45, basi aombe nakala ya hukumu kwa maandishi siku hiyohiyo, na abaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa.