Msimu wa Bunduki, Msimu wa Ugomvi

Msimu wa kuwinda ukifunguliwa tu, purukushani zinaanza kati ya wawindaji na waendesha baiskeli. Jamani, msitu wote huu, na bado tunagombania njia yenye upana wa usukani wa baiskeli?

Waendesha baiskeli, njooni hapa. Alfajiri na magharibi ndipo kulungu hutembea, ndipo mwindaji amejibanza kwenye dungu, kichanja chake cha kuvizia, tangu giza, pumzi kaibana. Nawe huoni saa nyingine ya kuteremka na taa inayomulika hadi mbinguni? Saa nne asubuhi njia ina miiba? Halafu umevaa kahawia! Kahawia, msimu wa bunduki! Kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa huvaliwa juu ya mkoba wa mgongoni. Mkoba mweusi ukikifunika, kwa nyuma huonekani kabisa. Kulungu haitofautishi rangi hiyo na majani kwa urahisi, binadamu anaiona toka mbali. Sasa kisingizio ni nini?

Nanyi wawindaji! Dungu linaelekezwaje kwenye njia ya baiskeli? Anayeteremka kilomita 30 kwa saa anakata zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ukimsikia, keshafika mbele ya mtutu. Na risasi ya raifali ikimkosa mnyama inaweza kwenda zaidi ya kilomita nzima! Geuza dungu, lielekee kwenye mwinuko, udongo uidake risasi. Na gari je? Kwa nini uliegeshe mbele ya geti la msitu? Mtu akivunjika mguu huko ndani, ambulensi ipite wapi?