Tatizo si kuandika
Kuna makala nimeisoma inayosema watafiti vijana wanakosa ruzuku za serikali kwa sababu hawajui kuandika maandiko ya miradi, na hilo silikubali hata kidogo. Nafanya kazi kwenye ofisi ya utafiti ya chuo kimoja hapa Dar, na maandiko yanayopita mezani kwangu mengi yana hoja nzito. Yanakoangukia ni kwenye viambatanisho: barua ya mkuu wa taasisi haina muhuri, bajeti imeandikwa "usafiri" bila kusema wa kwenda wapi na wa watu wangapi, wasifu wa mtafiti mwenza haupo. Mchujo wa kwanza unaangalia vitu hivyo, sayansi yenyewe inasomwa baadaye. Halafu mhadhiri anafundisha kutwa, akija kulisikia tangazo mkuu wa idara yuko safarini na dirisha la maombi linafungwa kesho. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na kuratibu utafiti nchini ni jukumu lake, kwa hiyo ombi langu naliweka kwao: kalenda ya matangazo ijulikane mapema, na waanze kwa kuomba andiko dhana, yaani muhtasari wa wazo la mradi, wa kurasa mbili tu, wachache watakaopita ndio wahangaike na bajeti na mihuri. Zaidi ya yote, aliyekataliwa apewe maoni ya wapitiaji, maana bila hayo mwakani atarudi na kosa lile lile. Wenzangu mlio chuo cha kilimo cha SUA, chuo cha Muhimbili au taasisi ya afya ya Ifakara, kwenu nani huwa anawakumbusha watafiti tarehe ya mwisho?