Nilivyotumbukia Kisimani Nikiwa Juu ya Saruji

Mpwa wangu alikuja Lamu likizo na pakiti ya chaki za rangi. Wenziwe wakaenda kuogelea, yeye akapiga magoti asubuhi nzima kwenye kichochoro chetu cha Langoni, mbele ya baraza yangu, akichora. Kutokea pale nilipokaa, kazi yenyewe ilikuwa kama uji uliomwagika ukatiririka.

"Mjomba, huko siko. Njoo usimame hapa, ufumbe jicho moja."

Nikasimama. Wallahi miguu ilirudi nyuma yenyewe. Mbele yangu kisima: mawe ya matumbawe yamepangwa duara, giza linashuka, na chini kabisa maji yanameremeta.

Akaanza kunisomesha. Ati sakafu ukiitazama kwa mshazari, mchoro hufupika machoni, kwa hivyo yeye huurefusha mapema ili ukifupika ukae sawasawa. Hans Holbein, Mjerumani, alificha fuvu la kichwa kwa ujanja huo katika picha ya mwaka 1533: ukilitazama mbele kwa mbele ni doa refu lisilo maana, ukienda pembeni fuvu hilo linakukodolea. Na Mmarekani mmoja, Kurt Wenner, aliacha kazi ya uchoraji huko NASA, shirika la Marekani la anga za juu, mwaka 1982 akaenda Italia, akauteremsha ujanja huo barabarani kwa chaki. Nikawaza: mtu anaacha NASA akapige magoti barabarani, mamake alisemaje?

Ndipo akaja punda.

Kwetu gari halipiti vichochoroni. Mchanga, saruji, mitungi ya gesi, vyote huja mgongoni kwa punda. Huyu alibeba mifuko ya mchanga, na akatokea upande uleule wa kufumbia jicho. Akainamisha kichwa, akanusa, akagoma. Masikio nyuma, miguu ya mbele imekakamaa. Akasukumwa, akabembelezwa, akatukanwa, wapi! Nyuma yake wakafika punda wengine, kisha kina mama wanaotoka sokoni, kisha mkokoteni wa madafu.

"Ni nani alotimba kisima ndiani?" akauliza mwenye punda.

"Ni chaki tu, bwana."

"Mwambie yeye," akasema, akimwonyesha punda.

Mpwa, kwa elimu yake, akashauri punda azungushwe aje kwa upande wa pili, maana kutoka huko ni madoa matupu. Shauri zuri, ila kichochoro chenyewe hata watu wawili wanene hawapishani, na foleni ilishafika Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Mtu akasema pamwagwe maji. Mpwa akataka kulia. Basi mwenye punda akanigeukia mimi, mwenye baraza: nilale juu ya hicho kisima, punda aone kwamba pana ardhi.

Nikalala. Kifudifudi, na kanzu yangu ya Ijumaa, mikono imeshika ukingo wa mbele nisiteleze kwenye unga wa chaki, miguu nimewaelekezea wao. Ndara moja ikanitoka. Punda akanipumulia kisigino, akafikiri, akajibanza ukutani akapita, mkia ukinipangusa uso.

Foleni nzima ilikuwa imeinua simu. Na simu ina jicho moja tu. Binadamu kwa macho yake mawili hugundua upesi kwamba sakafu ni bapa. Kamera haina mwenzake wa kubishana naye. Nilipoonyeshwa picha, mwili ulinisisimka: mtu wa makamo ananing'inia kisimani, vidole vimeng'ang'ania ukingo, ndara yake inazama.

Picha ilifika Mombasa kabla ya adhana ya Ijumaa. Shangazi akapiga simu, sauti inatetemeka.

"Wamekutoa?"

"Shangazi, sikuanguka popote. Mimi mzima."

"Usinifiche, mwanangu. Nimekuona kwa macho yangu. Hata kiatu nimekiona kikizama."

"Ni mchoro wa chaki, shangazi."

Akanyamaza. Kisha nikamsikia akimwambia mtu pembeni: "Amegonga kichwa, masikini. Endeleeni na Yasini."

Alasiri wakaingia vijana kutoka Shela, wanahema, wamebeba ngazi na kamba ya jahazi. Walitokea upande wa barazani. Wakasimama katikati ya kisima, wakaniamkia kwa adabu, wakaniuliza kisima kiko wapi.