Nilikataa kuchangia ngoma ya mwali, na sijutii

Desemba ya mwaka juzi kaka yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka kijijini kwetu, si mbali na Nyangao, mkoani Lindi. Korosho zilikuwa zimeshauzwa, watu wana hela mkononi, ngoma zinalia kila upande. Alitaka mchango. Binti wa mdogo wetu wa kike, miaka 14, alikuwa amemaliza darasa la saba na familia imeamua kumcheza. "Dada, mtoto amekua huyu. Tuma chochote tumtoe mwali kwa heshima." Ujumbe ukiwa karibu kwisha, akataja kwamba kuna mtu wa upande wa Masasi, mnunuzi wa korosho, ameshaulizia.

Sikutuma. Nilikuwa ndani ya basi la asubuhi hapa Bergen, Norway, ninakoishi, nje giza na mvua, nikausikiliza ule mwisho wa ujumbe mara tatu.

Nataka nieleweke, maana ndugu wengi walinichukulia vibaya. Mimi nilichezwa. Nilikaa ndani, nikafundwa na kungwi, nikatoka nimepakwa mafuta na kuvishwa khanga mpya, mama yangu akalia kwa furaha. Unyago ulinipa wanawake ambao hadi leo nikiwa na jambo zito nawapigia simu wao kwanza. Siuchukii hata kidogo. Ninachokikataa ni hesabu inayofanywa baada ya ngoma, kwamba mtoto akishatolewa basi ni mtu mzima, na mtu mzima atafutiwe mume. Mwenzangu niliyechezwa naye, tuliyekaa dawati moja, aliolewa akiwa na miaka 15. Alikuwa ananishinda hisabati kila mtihani. Leo mimi nina mshahara, yeye anaokota korosho kwenye mashamba ya watu, akipimiwa kwa debe.

Na kwetu sisi Wamwera, mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kaka alikuwa anatimiza wajibu wake kama alivyofundishwa jandoni, tena kwa mapenzi. Hapo ndipo ugumu ulipo. Anayemwoza mtoto kwetu ni mtu anayempenda mtoto huyo, anayemnunulia viatu vya Idi, anayemkumbuka kwenye dua.

Wiki hiyohiyo mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne, alirudi na kazi ya shule. Walikuwa wanachora kwenye kompyuta njia wanazopita kila siku na kuweka alama: hapa napenda kucheza, hapa naogopa, hapa magari yanakwenda kasi. Kazi hiyo wanaiita Barnetråkk, kama kusema mapito ya watoto, na ramani hizo wapangaji wa mji wanazitumia wanapoamua wapi pawekwe taa au kivuko. Mwanangu aliweka alama ya hofu kwenye kona moja ambayo mimi naipita kila siku bila kuiona. Nilikaa naye mezani nikawa naiwaza barabara ya Lindi kwenda Masasi, watoto wetu wanavyoivuka alfajiri msimu wa korosho malori yakipishana. Sijawahi kusikia mtu mzima akiwauliza wanaogopa wapi.

Norway ndiyo nchi ya kwanza duniani kumweka msemaji wa watoto kwa taifa zima. Ofisi yake inaitwa Barneombudet, ilianza mwaka 1981, miaka minane kabla ya Umoja wa Mataifa kupitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Wa kwanza kuishika alikuwa mwanasaikolojia, Målfrid Grude Flekkøy. Wageni wengi huku tunaichanganya na barnevernet, idara ya ustawi yenye uwezo wa kumwondoa mtoto nyumbani. Hivyo ni vitu viwili. Barneombudet haichukui mtoto wa mtu wala haitoi hukumu. Inawasikiliza watoto, inazipitia sheria zinapotungwa, na panapokwenda kombo inasema hadharani, hata kama anayeguswa ni waziri. Serikali inaigharimia lakini haina ruhusa ya kuipangia la kusema. Mwanangu alikuwa anaijua kabla yangu. Kuna pia namba ya simu ya watoto walio hatarini, 116 111, nayo anaijua kwa kichwa.

Nilipompigia kaka kumweleza kwa nini sitachangia, alinijibu kwa upole, "Dada, hayo ni mambo ya Wazungu. Umekaa nao sana."

Neno hilo liliniuma kuliko ugomvi. Tena limeenea, na si kweli. Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, enzi za Mwalimu Nyerere, ili mwananchi anayeonewa na wenye madaraka apate pa kulalamika. Barani Afrika hakuna chombo cha namna hiyo kilichoitangulia. Mwaka 2001 nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo imeandikwa ndani ya Katiba, ibara ya 129. Lalamiko unapeleka bure. Unaweza kuandika barua, unaweza kwenda kusema kwa mdomo, kwa Kiswahili chako hichohicho. Tume ina mamlaka ya kuchunguza, kuita watu watoe maelezo, kuingia magerezani, hata kwenda mahakamani. Na Tume hiyo ina tawi Lindi mjini. Sisi watu wa kusini tumezoea kwamba kila kitu kinaishia Dar es Salaam au Dodoma, na safari hii ofisi imeletwa kwetu, kutoka Nyangao ni nauli ya basi tu. Kaka hakuwa anajua. Mwalimu mmoja mstaafu kijijini, mtu anayesoma gazeti kila anapolipata, naye hakuwa anajua.

Upande wa watoto Tume haijakaa bure. Mwaka 2011 ilitoa ripoti ya ukaguzi wa mahali wanakozuiliwa watoto: magereza, vituo vya polisi, mahabusu za watoto. Ilikuta watoto wamechanganywa na watu wazima, wakati Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikuwa imeshataka watenganishwe. Kazi kama hiyo haipigiwi vigelegele, lakini mtoto wa miaka 15 aliyelala selo moja na watu wazima anajua maana yake. Na ukizungumzia umbali, shule ya maadilisho, ambako mahakama humpeleka mtoto badala ya jela, iko Irambo, Mbeya. Mzazi wa Liwale mwanawe akipelekwa huko, atakwenda kumwona mara ngapi kwa mwaka?

Tofauti ninayoiona kati ya Barneombudet na Tume yetu haiko kwenye moyo wa watu wake. Iko kwenye mzigo. Tume inabeba ardhi, polisi, waajiri, wafungwa, wazee, uchaguzi, na humohumo watoto. Barneombudet ina watoto peke yake. Halafu Tume ikimaliza uchunguzi inatoa mapendekezo, na mapendekezo si amri. Watu waliohamishwa Nyamuma, Serengeti, walishinda mbele ya Tume, Serikali ikakataa kutekeleza, shauri likasogea mpaka Mahakama ya Rufani. Barneombudet nayo haina amri, lakini inapolalamika magazeti yanaandika, bunge linauliza, na watoto wenyewe wanasikia kwamba kuna mtu amewasemea. Ningependa ndani ya Tume awepo kamishna mmoja ambaye kazi yake ni watoto tu, jina lake lijulikane mashuleni kama linavyojulikana la mkuu wa mkoa.

Nimalize la viboko kabla sijaulizwa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko shuleni visizidi vinne, mwalimu mkuu ndiye atoe au aruhusu kwa maandishi, viandikwe kwenye kitabu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Nilikuwa sekondari kanuni hizo zilipotoka. Nilichapwa kumi na viwili, na mwalimu wa kiume, kwa kuchelewa siku ya mvua, na hakuna kitabu nilichokiona. Walimu wa kike walikuwepo, wamekaa ofisini. Simtaji mwalimu wala shule, kwa sababu nina hakika aliyenichapa hakuwahi kuzisoma kanuni hizo, na mimi nilizisoma kwa mara ya kwanza nikiwa Bergen, nina miaka zaidi ya thelathini. Norway yenyewe haikuamka siku moja. Viboko vya shuleni walivikataza mwaka 1936, vya nyumbani mwaka 1987, na bado mwaka 2010 ilibidi waiweke sheria wazi zaidi baada ya Mahakama yao ya Juu kuona kwamba kofi jepesi linaweza kuvumiliwa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba wao walizaliwa hivyo.

Wala huku si peponi kwa watoto. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, katika shauri la Strand Lobben, kwamba Norway ilivunja haki ya mama na mwanawe kuwa familia. Wahamiaji wengi tunaishi na hofu ya barnevernet. Kuna mama Msomali jirani yangu ambaye mtoto akianguka kwenye baiskeli, anapiga picha pale alipoanguka, asije akaulizwa jeraha limetoka wapi. Na mtoto wa huku ana haki zote kwenye karatasi, lakini ukimkuta analia kituo cha basi, watu wazima kumi wanapita. Kwetu asingelia dakika mbili. Angeulizwa wewe wa nani, angepewa maji, angeshikwa mkono hadi kwao. Jambo hilo nalililia. Nikiwasikia vijana wa mjini wakiwakatalia wazee kuwaonya watoto wa jirani, naona tunatupa kitu ambacho huku hakipatikani hata kwa bajeti.

Kwa hiyo sitaki tuiige Norway. Nataka Tume ije kwa mlango wetu. Semina za ukumbini, watu wanasaini posho na kunywa soda, kijijini hazifiki. Kwetu anayeamua ni mjomba, na anayesikilizwa na wasichana ni kungwi. Tume ikae na hao. Iende Juni na Desemba, likizo zinapoanza na ngoma zinapoanza.

Hili nalisema kwa sababu nililiona. Baada ya kaka kunikatalia, nilimpigia kungwi wangu, bibi ambaye sasa macho yanamsumbua. Nilimweleza yote, na nikamwambia sheria ya elimu tangu 2016 inampa miaka 30 jela mwanamume anayemwoa mwanafunzi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi nafundisha mwali kujitunza. Nani kasema nafundisha harusi?" Jioni hiyohiyo aliwaita wanawake wa ukoo.

Mdogo wangu, mama wa mtoto, naye alipata nguvu. Alipiga 116, namba ya bure ya kumsaidia mtoto nyumbani Tanzania, karibu sawa na ile anayoijua mwanangu. Akaelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii, na mtendaji wa kijiji akajulishwa. Hakukuwa na kelele wala aliyekamatwa. Mnunuzi wa korosho hakuulizia tena.

Ngoma ilichezwa, ndogo, bila hela yangu. Nilituma hela ya sare, godoro, ndoo, jembe na rimu ya karatasi, maana alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza na orodha ya vitu ilikuwa ndefu. Kaka hakunisalimia miezi minne. Wa tano alinitumia picha ya mtoto akiwa amevaa sare, bila neno hata moja. Nimeitunza picha hiyo.

Bado Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016 na kutoa mwaka mmoja irekebishwe, Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Ule mwaka mmoja ulipita zamani. Binti yetu anakingwa kwa sababu ni mwanafunzi. Asingechaguliwa kuendelea, sijui tungeshika wapi, na wako wengi ambao hawakuchaguliwa.

Juzi nilizungumza naye. Yuko kidato cha pili sasa, anapenda bayolojia. Nilikuwa namweleza habari ya Tume na ofisi yake ya Lindi, akanikatiza, "Mama mkubwa, hiyo ofisi mtoto anaweza kuingia mwenyewe, au lazima aende na mjomba?"

Nilimwambia sheria inamruhusu mtu yeyote. Akauliza iko mtaa gani. Juni nikija likizo tutapanda basi, mimi, yeye na mama yake, na kaka nimeshamwomba aje nasi. Hajakubali, ila ameuliza ni tarehe ngapi.