Wamesaini?

Kwenye mkataba wa ajira wameniandika "Ofisa Uendelezaji Biashara". Mama aliponiuliza nafanya nini hasa pale chuo kikuu, nilimweleza kwamba kuna watu wenye akili wasio na habari na fedha, na kuna watu wenye fedha wasio na muda wa kusoma makala ya kurasa 40, na mimi nakaa katikati nikiwapatanisha. Akasema, "Kumbe dalali." Sijapata jina zuri kuliko hilo.

Sehemu kubwa ya udalali huu ni kuziba watu midomo. Mtafiti akigundua kitu, ulimi unamwasha: atakisema kwenye kongamano, atakichapisha, atakibandika kwenye bango ukutani. Hapo ndipo hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake, inapoponyoka, kwa kuwa hataza hupewa kitu kipya, na kitu kikishamwagwa hadharani si kipya tena, hata kama aliyekimwaga ni mvumbuzi mwenyewe. Marekani humvumilia mvumbuzi miezi 12. Ulaya, ukiacha visa vichache sana, hawamvumilii hata siku moja.

Kwa hiyo kila mtafiti mpya namkalisha na kumsimulia habari za Stanley Cohen na Herbert Boyer, waliounganisha vipande vya DNA na kuchapisha makala yao Novemba 1973. Ombi la hataza liliingia Novemba 1974, zikiwa zimebaki siku chache tu mwaka utimie. Marekani waliwahi, kwingineko walikuwa wameshachelewa. Hata hivyo hataza zile ziliviingizia vyuo vikuu vyao zaidi ya dola milioni 200. Nikifika hapo hunyamaza kidogo, kisha nauliza kwa sauti ya chini: "Sasa piga hesabu ya dunia yote iliyobaki."

Huwa wanameza mate. Ni hotuba nzuri, na nakiri huwa najisikia raha nikiitoa.

Aliyeizingatia kuliko wote ni profesa mmoja wa kemia, mzee mpole anayefuta miwani hata ikiwa safi. Alikuwa ametengeneza gundi. Inashika kioo, chuma na plastiki kwa nguvu za ajabu, lakini ukitaka iachie, inaachia bila kuacha alama. Kama umewahi kumtazama fundi akibandua kioo cha simu, pumzi ameibana, utaelewa kwa nini kitu hicho kina soko. Siri yote ilikuwa kwenye kuachia. Na ombi la hataza lilikuwa bado mezani kwa mwanasheria, halijawasilishwa.

Wakaja wawekezaji watatu. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye sauti ya hakimu, alitangulia kutuambia kuwa wao hawasaini mikataba ya usiri. Wawekezaji wengi ndivyo walivyo: wanaona mawazo mengi kila mwezi, hawataki kesi na kila mtu. Nikamvuta Profesa pembeni. "Onyesha inafanya nini. Inafanyaje, usiguse kabisa." Akarudia neno kwa neno kama mtoto wa darasa la kwanza.

Alifanya vizuri mno. Alibandika vipande viwili vya chuma, akaning'iniza ndoo ya maji, ndoo ikatulia kama picha. Wageni wakasogea mbele. Mimi nikanogewa, nikachukua nafasi kuelezea soko, na kwa kuwa mtu akieleza soko lazima aonekane hana wasiwasi, nikaegemea meza kwa kiganja cha kulia.

Nilihisi ubaridi kidogo. Nikaendelea.

"Inachukua muda gani kushika?" aliuliza yule mama.

"Sekunde 40," alijibu Profesa.

Nilikuwa nimeegemea kwa dakika nzima. Mkono niliuweka juu ya kigae cha kioo alichokipaka gundi tayari kwa onyesho la pili, kigae ambacho mwenyewe, kwa umakini wake, alikuwa amekwishakigandisha mezani asubuhi ili kisiteleze.

Nikavuta polepole. Meza ikaja.

"Profesa," nikanong'ona, "nibandue."

Akanitazama. Akawatazama wageni. Akanisogelea sikioni: "Wamesaini?"

"Hawajasaini."

"Basi siwezi."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilitamani kumkasirikia nikashindwa, maana kila neno lilikuwa langu.

Wageni wakaanza kusaidia. "Labda maji ya moto?" alisema mmoja.

"Kuhusu maji, sina la kusema," alijibu Profesa huku akitazama dari.

"Asetoni?"

"Kuhusu asetoni pia."

Wa tatu akatoa kalamu. "Tafadhali usiandike!" Profesa alipaza sauti, na hiyo ndiyo mara pekee nimewahi kumsikia akipaza sauti.

Nikawaomba wasubiri nje dakika mbili tu. Yule mama akakunja mikono. "Kunasa tumeshakuona. Kilichotuleta ni kuachia. Onyesho bora kuliko hili tutalipata wapi?" Akakitazama kiganja changu kwa muda, kisha akasema maneno ambayo nimeyatafuta kwa wawekezaji miaka mingi: "Lete huo mkataba."

Mkataba ulikuwa kwenye mkoba wangu, na mkoba ulikuwa ng'ambo ya meza. Profesa akauleta. Wakasaini wote watatu. Ikabaki sahihi ya chuo, na mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya chuo alikuwa mimi, ninayeandika kwa mkono wa kulia. Nikasaini kwa kushoto. Ilitokea kitu kama mjusi aliyekanyagwa.

Ndipo Profesa akatoa kichupa mfukoni, akafanya anachokijua yeye, akahesabu taratibu hadi kumi, na kiganja kikanyanyuka, ngozi yote ikiwa mahali pake. Wageni wakapiga makofi. Sijui walimpigia nani.

Wiki iliyofuata idara ya sheria ilinirudishia mkataba ikitaka maelezo kwa maandishi kwa nini sahihi yangu hailingani na iliyo kwenye faili. Niliandika kurasa mbili. Waliomba nyingine.

Mwanasheria wa hataza, yeye, alifurahi. Kwenye rasimu aliongeza sentensi kwamba gundi hii hushika pia ngozi ya binadamu na kuiachia bila madhara. Nilipoisoma nikamuuliza, kwa utani lakini si utani sana, kama basi jina langu litaingia kwenye orodha ya wavumbuzi.

Hakuinua hata macho. "Kunasa," alisema, "si kuvumbua."